Ng'ombe Wangu Kanyang'anywa Nundu: Mama Brashi Anajibu Wachoraji

*Shikamoo Mama Brashi. Nakaa Chang'ombe, hapa Dodoma. Nachora kwa mkaa na wino: ng'ombe wakirudi jioni, tembe, wazee wa Kigogo wakipiga zeze. Mpwa wangu anayesoma chuo aliuingiza mchoro wangu mmoja kwenye programu ya akili mnemba. Ukarudi na rangi tamu ajabu, machweo, vumbi linang'aa. Lakini ng'ombe hana nundu, tembe limeota paa la msonge, na zeze la mzee limegeuka gitaa. Mwenye nyumba ya wageni mmoja kaiona kwenye simu, anataka nakala kubwa za kutundika mapokezi. Nifanyeje mashine iheshimu mistari yangu? Picha ile bado ni yangu? Na mteja nimwambie, au ninyamaze?*
*– Mchora Mkaa*

Marahaba, mwanangu. La mteja ndilo jepesi: mwambie. Tena hiyo yenye gitaa usimuuzie kabisa. Mgogo yeyote akiingia pale mapokezi ataangua kicheko, na jina litakalochekwa ni lako, si la programu.

Sasa kuhusu nundu. Programu za aina ya Stable Diffusion, iliyotoka Agosti 2022, huchukua picha yako, huimwagia chengachenga hadi ifunikike, kisha huziondoa chenga hizo hatua kwa hatua huku zikikisia kilichopo chini. Zinakisia kwa kufuata zilichofundishwa, yaani mamilioni kwa mamilioni ya picha zilizozolewa mtandaoni pamoja na maelezo yake, mengi ya Kiingereza. Mashine iliyolelewa hivyo, ukiiachia uhuru, itakupa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mgongo umenyooka kama meza. Haikukudharau. Haimjui ng'ombe wako, basi.

Dawa ni kuipunguzia uhuru. Tafuteni kitelezi cha nguvu ya mabadiliko, ambacho kwenye programu nyingi hutoka 0 hadi 1. Kwenye 0 unarudishiwa mchoro wako kama ulivyo. Kwenye 1 mchoro wako umefutika, mashine inafuata maneno tu. Nadhani mpwa alikiacha alipokikuta, na mara nyingi kinakuja kimewekwa juu ya 0.7. Anza na 0.3. Hapo karatasi inaingia rangi na mwanga, mistari inabaki. Panda taratibu, macho yako yasitoke kwenye nundu. Ikianza tu kulainika, rudi nyuma.

Kama unataka rangi kali zaidi, mpwa atafute ControlNet, nyongeza inayounganishwa na programu hizo. Ilitolewa Februari 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwemo Lvmin Zhang, na haina malipo. Inasoma mistari ya mchoro wako na kuifanya mpaka ambao mashine lazima iufuate inapopaka. Kwa wino inafanya kazi vizuri sana. Kwa mkaa ina kasoro yake: ule ukungu unaousugua kwa kidole, ambao kwangu mimi ndio utamu wote wa mkaa, yenyewe haioni mstari humo, inaona uwanja mtupu wa kujijazia. Kwa hiyo toa fotokopi, halafu juu ya fotokopi hiyo pitia kwa wino kila usichokubali kiguswe: nundu, pembe, ukingo wa paa, shingo ya zeze na upinde wake. Mchoro wenyewe usiuguse.

Maneno nayo yana kazi. Ukiandika "nyumba ya Kiafrika" umejiitia msonge mwenyewe. Eleza: nyumba ndefu, kimo kifupi, kuta za udongo, paa bapa la udongo. Zeze usilitaje kwa jina, lieleze kwa viungo vyake: ngozi, nyuzi, shingo, upinde. Ng'ombe awe zebu mwenye nundu. Programu nyingi bado zinaelewa Kiingereza kuliko Kiswahili, kwa hiyo mwachie mpwa hapo, ndiyo kazi ya kusomeshwa.

Na mchoro upigwe picha kama watu. Nyingi ninazoletewa zimepigwa usiku chini ya taa ya njano, karatasi imejikunja. Dodoma jua tunalo la kumwaga: utoe nje asubuhi, kivulini, uubane kwenye ubao upepo usiubebe, simu iuelekee sawasawa bila kuinama. Ukipeleka steshenari kuskani, waambie nukta 300 kwa inchi, na upulizie fiksativu kwanza, ile dawa ya kushikiza mkaa kwenye karatasi, la sivyo nusu ya ng'ombe itabaki kwenye kioo chao.

Ukubwa nao uutazame kabla hujachukua kishika uchumba cha mteja. Picha yenye pikseli 1024 kila upande, ikichapwa kwa pikseli 150 kwa inchi, inatoka yapata sentimita 17 tu. Zipo programu za kukuza, lakini nazo hubuni: huongeza manyoya na mikunjo ambayo hukuichora. Kuza, kisha kagua kipande kwa kipande.

Umiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa kwa kule tu kubuniwa. Mchoro wa mkaa ni wako tangu ulipoinua mkono, na anayetaka kuugeuza aombe ruhusa, mpwa akiwemo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa kwetu, kunakusaidia siku ya ugomvi. Lakini ile sura iliyopakwa na mashine ni jambo jingine. Marekani wameshakutana nalo: msanii Kristina Kashtanova aliingiza mchoro wake wa kalamu kwenye mashine, akatoa picha aliyoiita Rose Enigma. Ofisi ya hakimiliki ya huko iliisajili, ila ulinzi ukaishia kwenye kile alichochora kwa mkono wake na ambacho bado kinaonekana ndani ya picha. Uamuzi huo hautufungi sisi. Hata hivyo unaona mwenyewe kwa nini nakuhimiza kitelezi kikae chini: kadiri mistari yako inavyoonekana, ndivyo unavyokuwa na cha kudai.

Tunza mchoro wa asili. Sahihi yako iweke kwa kalamu juu ya nakala iliyochapwa, maana mashine ikiikuta huitafuna ikawa mchirizi usiosomeka. Na kama ningekuwa mimi, ningempelekea yule bwana mchoro wa mkaa wenyewe, nikauweka kando ya ule wenye rangi, kila mmoja na bei yake. Wa mkono uwe juu.

*Mama Brashi, shikamoo. Nafundisha sanaa Kondoa. Wanafunzi wamepiga picha michoro ya miambani ya Kolo iliyofifia, wanataka akili mnemba iikamilishe. Kuna ubaya?*
*– Mwalimu*

Marahaba, mwalimu. Kukamilisha, hapana. Mashine haijui kilichokuwepo pale, itajaza kwa kukisia, na picha hiyo ikishasambaa kwenye simu, watu wataamini ndivyo ilivyokuwa. Michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipokwenda kuinakili mwaka 1951 alifuatisha mistari aliyoikuta mwambani.

Wape programu iitwayo DStretch. Ilitengenezwa na Jon Harman mahususi kwa michoro ya miambani: inazitenganisha rangi zilizomo kwenye picha mpaka wekundu ambao jicho lilikuwa limeshaupoteza unajitokeza, bila kuongeza kitu ambacho kamera haikukinasa. Halafu wachore kwa mkono wanachokiona. Anayetaka kujaribu akili mnemba aitumie kwenye mchoro wake huo, na aandike pembeni ni sehemu ipi imekisiwa. Na wakati wa kupiga picha, mtu asimwagie maji mwambani ili rangi ikolee.