Babu Mjerumani: maswali yenu na majibu yangu

Meseji zenu za kutafuta mababu wa Kijerumani zimejaa tena. Zile za "nina babu Mjerumani naomba msaada" bila jina, bila mwaka, bila kijiji, nimezifuta zote, sio roho mbaya ila sasa nianzie wapi?

*Shikamoo mwalimu. Babu mzaa baba alikuwa na shamba Usambara kabla ya vita ya kwanza. Wazee wanamjua kwa jina la utani tu. Nitampataje? (Lushoto)*

Marahaba. Hilo jina la utani usilidharau, liandike vilevile wanavyolitamka. Tom von Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani, watu walimwita Bwana Sakarani na mpaka leo huko kwenu kuna mahali panaitwa Sakharani. Zelewski, yule kamanda wa Wajerumani aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo 1891, alikuwa Nyundo. Kama jina halisi halijulikani, mtafute kupitia shamba. Shamba liliitwaje, lilipakana na mto gani, walilima mkonge, mpira au kahawa, na nani alilichukua baada ya vita, maana Waingereza waliyakamata mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui wakayauza na hapo karatasi zilipita mikono mingi. Nenda Nyaraka za Taifa pale Dar, kuna mafaili ya serikali ya Wajerumani yenyewe. Ukishapata jina ingia kwenye magazeti ya wakati ule, kuna Deutsch-Ostafrikanische Zeitung iliyochapwa Dar toka 1899 mpaka 1916, imeshapigwa picha na unaisoma bure mtandaoni, walikuwa wanatangaza hadi nani kashuka na meli gani.

Ila nimeona kitu. Umeniandikia meseji ndefu yote ya babu, bibi hujamtaja hata jina. Huyo bibi alizaliwa wapi, alibatizwa kanisa gani, ndugu zake ni akina nani? Mzungu alikaa miaka michache akaondoka, bibi ndo alibaki na watoto na ndo waliyemjua watu. Nenda kwanza kwa shangazi zako, wakiwa bado wapo.

*Babu yetu alimtoroka bibi 1920 akakimbilia kwao. Kwa nini walikuwa hawana huruma?*

Huenda hakutoroka. Baada ya vita Waingereza waliwafukuza karibu Wajerumani wote Tanganyika, wakapandishwa meli watake wasitake. Mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi na wengi walirudi, alafu 1939 wakakamatwa upya wakawekwa kambini. Ndo maana kila siku nawauliza mtoto alizaliwa lini mnanijibu "zamani". Kama baba yako ni wa 1930 basi unahangaika bure na mafaili ya mkoloni Mjerumani, babu yako yuko kwenye mafaili ya Waingereza. Simsafishi mtu hapa, wapo waliokimbia majukumu kabisa, ila usihukumu kabla hujaangalia mwaka.

*Nikipata cheti cha ubatizo cha baba nitapewa pasi ya Ujerumani?*

Hapana. Ndoa za Wajerumani na Waafrika serikali yao ilizipiga marufuku hapa 1906, na kwa sheria yao mtoto wa nje ya ndoa alifuata uraia wa mama. Kwenye vitabu vingi vya ubatizo utakuta mstari wa jina la baba uko mtupu kabisa. Anayekuambia ukimtumia hela ya "kufungua faili" atakutengenezea njia ni tapeli, mbloku.

*DNA inasaidia?*

Inakuletea binamu, jina la babu haikuletei.

*Nina karatasi ya zamani mwandiko haueleweki, simu imeshindwa kutafsiri.*

Hiyo itakuwa Kurrent, mwandiko wao wa zamani. Herufi e inafanana na n, na u ina kikonyo juu, ukishazishika hizo mbili umeanza kusoma. Bahati nzuri majina ya watu na miji mara nyingi waliyaandika kwa herufi hizi hizi zetu, kwa hiyo anza na hayo. Na jamani, picha ya karatasi pigeni mchana, kamera iwe juu yake moja kwa moja, sio imepinda na kidole gumba kimekaa juu ya tarehe! Kama ni foto, igeuze. Muhuri wa studio kama C. Vincenti, Daressalam unakupa mji hapo hapo.

*Mume wangu ni Mmarekani. Babu yao alihamia miaka ya 1880 na jina lilibadilishwa Ellis Island. (Ohio)*

Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ilifunguliwa 1892 dada yangu. Na hata baada ya hapo, makarani walisoma orodha zilizoandikwa bandarini meli ilipotoka, jina wahamiaji walilibadili wenyewe baadaye. Angalia orodha za abiria wa bandari ya Hamburg, zimeanza 1850 mpaka 1934 na nyingi zinataja alikotoka mtu. Kama alipandia bandari ya Bremen pole, nyingi za kule zimepotea. Alafu mkikuta karatasi imeandikwa "Prussia" tu, hiyo ilikuwa dola, sio kijiji. Kijiji kitafute kwenye kitabu cha kanisa alikofungia ndoa huko huko Marekani, ukikipata ndo uanze Ujerumani, na kwa sehemu nyingi serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo kati ya 1874 na 1876, kwa hiyo kabla ya hapo uliza kanisa. Kama ni mikoa ya Silesia au Pomerania, leo sehemu kubwa ni Poland, barua ielekee huko.

*Babu wa mke wangu alikuwa mmisionari wa Moravian, Rungwe.*

Mmepata bahati kuliko wote hapa. Wamoravian wana desturi ya mtu kuandika maisha yake mwenyewe yakasomwa siku ya maziko, na maandishi mengi ya hivyo yamehifadhiwa kwenye nyaraka zao pale Herrnhut, Ujerumani. Walifika Rungwe 1891 kwa hiyo taja jina, kituo na miaka aliyokaa. Andika barua fupi, kwa Kijerumani ukiweza, na usiwaulize kama aliacha mali.