Kupigwa skani ya serotonini kabla ya kuanza dawa za sonona: jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu, nimesoma ulichoandika kuhusu mdogo wako. Daktari kamwandikia sertraline miligramu 50 kwa ajili ya sonona, halafu wakala wa safari za matibabu akawaambia asiguse kidonge mpaka apelekwe India akapigwe skani ya ubongo, ili "ionekane kama serotonini imepungua". Serotonini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Na ukoo umeshaanza kuchangishana. Naomba huo mchango usimame kwanza. Mimi nafanya kazi ya tiba ya nyuklia, chumba cha gama kamera (mashine inayopiga picha ya dawa ya mionzi ikiwa ndani ya mwili) hapa hapa Dar, na nilipokuwa masomoni Uingereza nilikaa kwenye kitengo kilichokuwa kinapiga skani za aina hiyo. Skani ipo kweli, ila swali lenu hailijibu.

Serotonini yenyewe haionekani kwenye picha ile. Kinachoonekana ni visafirishi vyake, yaani protini zilizo kwenye ukuta wa seli za neva, zinazoirudisha serotonini ndani ya seli ikishamaliza kazi. Mtu anachomwa mshipani dawa ya mionzi, kiasi kidogo sana, inapanda mpaka kwenye ubongo na kushikamana na visafirishi hivyo. Ni sawa na kuangalia maegesho ya Kariakoo ukiwa juu ya ghorofa: nafasi zilizo wazi utazihesabu, lakini madukani kuna watu wangapi huwezi kusema.

Dawa iliyotumika sana kwenye tafiti inaitwa DASB, ilitengenezwa Toronto, Canada, na ripoti zake za kwanza zilitoka mwaka 2000. Inabeba kaboni-11, aina ya kaboni yenye mionzi, na hapo ndipo penye kazi. Kaboni-11 inapungua nusu kila dakika 20. Inatengenezwa kwenye saiklotroni, mtambo wa kuzalisha vitu vya mionzi, mkemia anaiunganisha na molekuli akiwa nyuma ya ukuta wa risasi, inakaguliwa usafi, na muda wote huo mtu ameshalala mezani, kichwa kimetulizwa na barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake, sindano iko mkononi. Simu ikilia kwamba dawa imepita, inakuja mbio kwenye chombo cha risasi. Baada ya saa mbili inabaki sehemu moja tu kati ya 64. Kisha mtu anatakiwa atulie hapo karibu saa moja na nusu. Kwa hiyo bila saiklotroni jirani na mashine, hiyo skani sahau. Sisi hapa, kwa skani zetu za kawaida, tunategemea zaidi tekinishiamu, kitu kingine cha mionzi kinachodumu saa 6 kabla ya kupungua nusu, na tunaikamua kwenye jenereta (si ya umeme, ni chombo kinachoizalisha) inayokuja kwa ndege. Ndege ikichelewa, ratiba ya wiki inayumba, wagonjwa wa shingo na mifupa wanarudishwa nyumbani. Ya kuonyesha visafirishi ipo pia dawa ya iodini-123 inayoitwa ADAM, inayopungua nusu kila saa 13, hiyo angalau inasafirishika.

Sasa tuseme mmepata pesa, mdogo wako kasafiri na kapigwa hiyo skani. Daktari atasoma nini? Watafiti wamelinganisha wenye sonona na wasio nayo kwa miaka mingi. Baadhi ya tafiti zilikuta visafirishi vimepungua kidogo kwa wagonjwa, nyingine hazikukuta tofauti, na hata pale tofauti ilipokuwepo namba za makundi mawili zilipishana sana. Huwezi kuchukua picha ya mtu mmoja ukasema huyu anayo, huyu hana. Anayekuuzia hilo anakuuzia kitu ambacho sayansi haina.

Na kwa mchangiaji mwingine wa mjadala huu, aliyesema apimwe serotonini ya damu: sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni na kwenye chembe sahani za damu, na haivuki kuingia kwenye ubongo. Hicho kipimo nacho hakisaidii kwa sonona.

Skani hizi zina faida kubwa sana upande mwingine, na ndiyo sababu nazipenda. Mtu akiwa anatumia dawa kama sertraline, dawa imeshakalia visafirishi, kwa hiyo ile ya mionzi inakosa pa kushika na picha inafifia. Ukipima kufifia huko unajua dozi imekalia kiasi gani. Mwaka 2004 mtafiti Jeffrey Meyer na wenzake wa Toronto walitumia DASB kwa dawa tano tofauti, wakakuta dozi za kawaida za kutibu, sertraline 50 ikiwemo, zinakalia takriban asilimia 80 ya visafirishi. Ukipandisha juu ya hapo, nyongeza ni ndogo. Hivyo mdogo wako asione 50 ni "dozi ya kitoto" akajiongezea mwenyewe.

Upande wa kuacha ni muhimu zaidi, maana hapa mjini dawa mtu anajinunulia duka la dawa na kuziacha siku akijisikia. Ukichora dozi dhidi ya asilimia ya visafirishi vilivyokaliwa, mstari unapanda haraka mwanzoni halafu unalala. Maana yake ni kwamba kutoka 50 kwenda 25 kunabadilisha kidogo kuliko kutoka dozi ndogo kwenda sifuri. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor walitumia matokeo haya haya kushauri dawa ipunguzwe kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia mwisho. Wanaokata ghafla wanapata kizunguzungu, usingizi unavurugika, wanahisi kama shoti za umeme kichwani, kisha ndugu wanasema ugonjwa umerudi au karogwa. Inaniuma kila nikisikia.

Visafirishi vinakaliwa mapema, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Wiki mbili za mwanzo kichefuchefu na wasiwasi vinaweza kuja, mkae naye karibu. Akianza kuzungumzia kujidhuru, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo, Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Kabla hajaanza dawa, muulizeni daktari kama amepimwa homoni za tezi la shingo na wingi wa damu. Tezi ikilegea mtu anachoka, anakuwa mzito, analala sana, na kwa nje inafanana kabisa na sonona. Hicho ni kipimo cha damu, kinapatikana hapa Dar, na majibu yake yanaweza kubadilisha matibabu.