Umehamia Dodoma? Maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo mwandishi. Nimehamishwa kutoka Dar, ofisi yetu iko Mtumba. Nipange wapi? (Mtumishi, Temeke)

Marahaba. Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, iko kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Tafuta upande huohuo: Kisasa, Nzuguni, Ihumwa. Ihumwa ndiyo jirani zaidi na kazi, lakini jioni utakuwa na nyumba mpya, vumbi na majirani ambao nao wamehamia juzi. Kama familia bado iko Dar, mimi ningeanza na Makole. Unakuwa karibu na mjini, soko la Majengo unalifikia bila shida, na mji unaujua kabla hujalipa kodi ya mwaka mzima. Na usije kutafuta chumba wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Nyumba za wageni hujaa, na madalali wanalijua hilo kuliko wewe.

Ni kweli maji ni shida?

Mgao upo. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, Makutupora, na watu wameongezeka haraka kuliko visima. Kabla ya kulipa kodi, waulize majirani maji yanatoka siku zipi. Dalali atakwambia yanatoka kila siku. Kisha nunua simtanki.

Nimepata kiwanja Nala kwa bei nzuri, muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Ninunue? (Baba Neema, Mwanza)

Ngoja kwanza, kaka. Muhuri wa mwenyekiti si hati. Ardhi ya Dodoma ina historia yake: uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ya kuustawisha mji, na ndiyo iliyokuwa ikigawa viwanja kwa mikataba ya miaka 33. Mwaka 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikaenda halmashauri. Kwa hiyo mtaani utakutana na karatasi za kila namna: za CDA, za halmashauri, na za mzee aliyelima uwele pale kabla ya hao wote. Karatasi mbili za kiwanja kimoja si kioja hapa. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi, uone mchoro wa mipango miji unasemaje na jina la nani limeandikwa. Muuzaji akikuharakisha, mwache na kiwanja chake. Bei nzuri sana, kwa mji ambao kila mtu anautaka, inanitia wasiwasi kuliko bei mbaya.

Mji huu unachosha! Wikiendi mnafanya nini? (Dada wa Area D)

Ukitafuta bahari, utachoka kweli. Panda Mlima Simba asubuhi kabla jua halijakaza. Nenda bwawa la Hombolo. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, basi msimu ukifika fika Mpunguzi ununue kwa mkulima mwenyewe. Halafu kula ugali wa uwele na mlenda kwa mama ntilie. Wageni wengi huukataa mlenda siku ya kwanza kwa sababu ya utelezi wake, kisha wanaanza kuuulizia.

Wazee wa Kigogo mtaani niwasalimieje?

Mbukwenyi! Wakiwa wengi. Akiwa mmoja, mbukwa. Watakucheka kidogo na watakujibu.

Kurudi Dar kuwaona watoto, treni au basi?

Treni ya SGR, tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Ni kama saa nne, wakati basi linakula karibu siku nzima. Kata tiketi mapema, hasa ya Ijumaa, maana wote mliohamishwa mnasafiri siku hiyo.

Nilete koti?

Lete. Juni na Julai usiku ni baridi na upepo.