Uliza Ujibiwe: Cheti cha GED kwa Aliyekatiza Shule

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu ambaye hakumaliza sekondari apateje cheti kinachohesabiwa sawa na diploma ya huko, yaani cheti cha kumaliza sekondari? Tumechagua saba.

Ndugu mhariri, habari za kazi. Niliacha shule kambini nikiwa na miaka 15, sasa nina 31 na niko Ohio. Kazini nimeambiwa siwezi kupandishwa cheo bila diploma. Watu wananitajia GED. Ni nini hasa, na ni sawa na diploma kweli?

GED ni mtihani. Ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Vita Kuu ya Pili waliokuwa wamekatiza masomo, na toleo linalotumika sasa, linalofanywa kwa kompyuta pekee, lilianza 2014. Una masomo manne: Hesabu (dakika 115), Lugha, yaani kusoma na kuandika (dakika 150, pamoja na mapumziko ya dakika 10), Sayansi (dakika 90) na Maarifa ya Jamii (dakika 70). Kila somo lina alama kuanzia 100 hadi 200, na kufaulu ni 145. Si lazima ufanye yote siku moja. Unaweza kulipia somo moja, ukalimaliza, ukarudi baada ya miezi mitatu kwa lingine.

Ukifaulu yote manne, jimbo lako ndilo linalokupa cheti. Waajiri wengi, vyuo vya jamii na msaada wa serikali kuu wa karo vinakipokea kama diploma. Jeshini ni tofauti kidogo: mwenye GED huwekwa kundi la chini ya mwenye diploma ya shule, na nafasi zao huwa chache. Kama ndiko unakoelekea, uliza mapema.

Baadhi ya majimbo hutumia mtihani mwingine, HiSET, badala ya GED au sambamba nao. Huo una sehemu tano, kila moja alama 20. Unatakiwa upate angalau 8 katika kila sehemu, jumla isipungue 45, na insha ipate angalau 2 kati ya 6. California, kwa mfano, inapokea yote miwili. Angalia jimbo lako linatumia upi kabla ya kununua kitabu chochote.

Shikamoo. Mimi nilimaliza sekondari Kongo na nina Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari cha huko, ila karatasi zilibaki nyuma. Rafiki yangu Mtanzania ana cheti cha kidato cha nne. Nasi tufanye GED?

Marahaba. Pengine hapana, na tunasikitika tunapoona mtu anapoteza mwaka mzima kutafuta kitu ambacho tayari anacho. Aliyemaliza sekondari nje ya Marekani anatakiwa kufanyiwa tathmini ya vyeti. Zipo taasisi maalumu za kazi hiyo, na vyuo vingi hukubali zile zilizo wanachama wa chama kiitwacho NACES. World Education Services ni mojawapo. Taasisi inasoma cheti na matokeo yako, kisha inaandika kinalingana na nini Marekani.

Kabla ya kulipa, piga simu chuo au mwajiri umuulize anapokea tathmini ya nani na anataka ya aina gani, ya jumla au ya somo kwa somo. Ile ya jumla ni nafuu na mara nyingi inatosha kwa kazi. Cheti kikiwa cha Kifaransa kitahitaji tafsiri.

Kama karatasi zimepotea kabisa na hakuna namna ya kuzipata kutoka nyumbani, hapo ndipo GED inakuwa njia ya mkato. Mtu aliyefika mwisho wa sekondari huhitaji zaidi Kiingereza na mazoea ya kompyuta kuliko masomo yenyewe.

Naweza kufanya mtihani huu kwa Kiswahili?

La. Marekani unatolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Na kutojua Kiingereza vizuri peke yake si sababu ya kuongezewa muda. Nyongeza hiyo ni kwa wenye ulemavu au ugonjwa wenye vielelezo vya daktari au mtaalamu.

Lakini madarasa yapo, na mengi hayalipiwi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 2014 inatoa fedha za elimu ya watu wazima kwa waliotimiza miaka 16 na hawako shuleni. Madarasa huwa kwenye vyuo vya jamii, maktaba, na ofisi za elimu za wilaya. Siku ya kwanza utapewa jaribio la kupanga daraja, kwa kawaida CASAS au TABE. Usibahatishe majibu ili uonekane uko juu. Ukipangiwa darasa la GED wakati bado unasoma aya moja kwa dakika tano, utakaa nyuma ya darasa wiki sita halafu utaacha. Bora miezi kadhaa ya Kiingereza kwanza.

Nilienda kituoni na kitambulisho changu, nikarudishwa mlangoni na hela ikapotea. Kosa lilikuwa wapi?

Hukueleza walichosema, lakini mara nyingi ni jina. Jina kwenye akaunti ya mtihani lazima lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Watu wetu wengi wana majina matatu, na yule aliyejaza fomu za uhamiaji aliamua mwenyewe lipi ni la ukoo. Kwa hiyo kadi ya kijani inasema hivi, leseni ya udereva inasema vile, na akaunti umeandika unavyoitwa na mama yako. Chukua kitambulisho utakachokwenda nacho, kiweke mezani, kisha fungua akaunti ukinakili kutoka hapo.

Tarehe ya kuzaliwa nayo. Kama karatasi zako zina Januari 1 kwa sababu ndiyo tarehe waliyopewa wasiojua siku yao, andika Januari 1 kila mahali, hata kama sasa shangazi amekwambia ulizaliwa wakati wa mavuno. Na kumbuka Wamarekani huanza na mwezi: 03/04 ni Machi 4, si Aprili 3.

Kitambulisho kiwe cha serikali, kisiwe kimeisha muda, kiwe na picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na saini. Walio chini ya miaka 18 huhitaji kibali cha ziada ambacho kila jimbo hukipanga lenyewe. Ada pia ni ya jimbo: New York hawatozi, kwingine unalipa kwa kila somo.

Nianze na somo gani? Hesabu inaniogopesha.

Ushauri wetu hauendi sawa na wa vitabu vingi, ambavyo huiweka Hesabu mwisho. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyefika angalau sekondari, Hesabu inaweza kuwa rafiki, kwa kuwa ina Kiingereza kidogo kuliko mengine. Lugha ndiyo iwe ya mwisho. Maarifa ya Jamii inamfaa anayejiandaa na mahojiano ya uraia, kwa sababu nusu ya mtihani ni uraia na serikali: katiba, mihimili mitatu, haki. Historia ya Marekani ni asilimia 20, uchumi 15, jiografia 15. Humo na kwenye Sayansi hawakuulizi ulichokariri tu. Wanakupa grafu, jedwali au kifungu, na jibu mara nyingi limelala humo humo.

Hesabu sasa. Karibu asilimia 55 ni aljebra, iliyobaki ni namba, sehemu, asilimia na vipimo. Maswali matano ya mwanzo hayana kikokotoo. Ukishayawasilisha huwezi kurudi nyuma, na kikokotoo kinafunguka kwenye skrini: ni TI-30XS. Kijue kabla, hasa kitufe cha sehemu na kile cha kugeuza jibu kutoka sehemu kuwa desimali. Karatasi ya kanuni utapewa, kwa hiyo usipoteze usiku kukariri ujazo wa koni. Jifunze kuchagua kanuni ipi itumike.

Kuna mahali ambapo waliosoma mfumo wa Kifaransa huanguka bila kujua. Kwao mkato ni desimali: 3,5 ni tatu na nusu. Kwa Mmarekani ni nukta: 3.5. Ukiandika 1.250 kwenye kisanduku ukimaanisha elfu moja mia mbili hamsini, kompyuta inasoma moja na robo, na hakuna mwalimu wa kukuhurumia. Pia zoea inchi 12 kwa futi moja na futi 3 kwa yadi.

Asilimia inawapiga wengi kwa namna moja. Shati la dola 40 limepunguzwa asilimia 25, kisha kodi ni asilimia 8. Anayekimbia hutoa 8 kwenye 25, akapata punguzo la 17, akaandika 33.20. Lakini kodi inatozwa juu ya bei mpya: 40 inakuwa 30, halafu 30 mara 1.08 ni 32.40. Na hilo jibu la 33.20 utalikuta kati ya machaguo, limekaa kukusubiri.

Mteremko wa mstari nao lazima uujue. Nukta (2, 5) na (6, 13): toa y kwa y, 13 − 5 = 8; toa x kwa x kwa mpangilio ule ule, 6 − 2 = 4; gawanya, mteremko ni 2. Kosa la kila siku ni kuanza na nukta ya pili juu na ya kwanza chini, ukapata −2. Kisha rudisha nukta moja kwenye y = mx + b, ambapo m ni mteremko na b ni namba unayoitafuta: 5 = 2 × 2 + b, kwa hiyo b ni 1, na mlinganyo ni y = 2x + 1. Jaribu na nukta nyingine: 2 × 6 + 1 = 13. Sekunde kumi tu hizo.

Insha ya somo la Lugha naandika nini? Mimi hoja ninazo nyingi.

Hizo hoja zako ziache nyumbani. Unapewa maandishi mawili yanayopingana, na unaulizwa ni lipi limetetea msimamo wake kwa ushahidi bora. Hawaulizi wewe uko upande gani. Tuseme moja linataka mji utoze ada kwa mifuko ya plastiki na lingine linapinga. La kwanza linataja takwimu za idara ya usafi na gharama ya kuzibua mifereji. La pili linasema kila mtu anajua ada hazisaidii. Hata kama unachukia ada, chagua la kwanza, utaje ushahidi wake mmoja mmoja, na ueleze kwa nini "kila mtu anajua" si ushahidi. Wengi hukosa alama hapa: wanaorodhesha ushahidi bila kusema una nguvu gani.

Dakika ni 45. Tumia 10 kusoma, 5 kupanga, 25 kuandika, 5 kusahihisha. Aya nne hadi saba zinatosha. Hakuna kisahihishi cha tahajia. Ukinakili kifungu kizima bila maneno yako, huna alama. Na mtu anayetafuta herufi moja moja kwa kidole hawezi kumaliza, kwa hiyo anza mazoezi ya kuchapa leo, dakika 15 kila siku.

Kuna tangazo linasema nilipe, nijibu maswali machache nyumbani, diploma inatumwa baada ya wiki moja. Na mdogo wangu amepata 143 kwenye Sayansi huku Hesabu ana 160. Wastani si unamtosha?

La tangazo: usilipe. Mtihani wa nyumbani wa kweli upo katika majimbo mengi, lakini unaupata kupitia akaunti yako ya GED, baada ya kufanya jaribio rasmi liitwalo GED Ready na kupata rangi ya kijani, yaani 145 au zaidi, ndani ya siku 60 zilizopita. Msimamizi anakuangalia kwa kamera muda wote. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, uwe peke yako, simu mbali, na karatasi ya kukokotolea hairuhusiwi. Mtoto akiingia kuomba maji, mtihani unaweza kufutwa. Kwa nyumba yenye watu wengi, nenda kituoni tu.

La mdogo wako: wastani hauhesabiwi. Hesabu yake imebaki salama, arudie Sayansi peke yake. Kwa kawaida kurudia mara mbili hakuna kusubiri. Akishindwa mara ya tatu atasubiri siku 60. Asirudie kesho kwa hasira. Afungue ripoti ya alama, inaonyesha ujuzi gani umemwangusha, afanye GED Ready ya Sayansi, na akipata kijani ndipo aweke tarehe. Alama mbili alizokosa huenda ni swali moja au mawili ya kusoma grafu.