Ukicheza Caro-Kann, jua kwa nini unasogeza

Nyinyi mnaoingia tonamenti za chesi za wikendi hapa Nairobi, wacheni kukremu muvu ishirini za YouTube ndani ya matatu asubuhi ya mechi. Shika ufunguzi mmoja wa kujibu e4 (mweupe akianza kwa kusukuma askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili; herufi na namba ni jina la nyumba ubaoni), ukae nao, kila muvu ujiulize inafanya kazi gani. Mimi nilishika Caro-Kann, ile ya mweupe e4, mweusi c6, kisha d4, d5. Jina ni la Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua 1886, na Karpov mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliicheza sana, kwa hivyo msidanganywe eti ni ya waoga.

Sasa juzi Westlands nimepangwa na kijana wa chuo, anasogeza haraka na kugonga saa kama inamdai. Akaleta farasi c3, nikala e4, akala na farasi, nikatoa wangu d7. Muvu hiyo inaandaa farasi wa pili aje f6, ndio akiliwa hapo ujibu kwa farasi, askari wako wasirundikane safu moja. Kijana akaweka malkia e2. Ukiangalia haraka ni muvu mbaya, anamziba askofu wake mwenyewe, lakini manze hapo ndipo watu hufa: mkono unapeleka farasi wa g8 hadi f6 kwa mazoea tu, farasi wake anaruka d6, chekmeti, muvu ya sita! Askari wa e7 hawezi kumla kwa sababu akitoka hapo malkia anamuona mfalme moja kwa moja, na mfalme naye amezibwa na watu wake pande zote. Na ukishaachilia kete hakuna kurudisha, usimwangalie refa.

Nikaleta f6 yule wa d7. Akamla, nikala na wa g8, mambo yakabaki vile nilitaka, na sasa askofu wangu wa c8 yuko huru na wake wa f1 bado amekaliwa na malkia. Ikabidi amsogeze malkia tena, na spidi yote ikaisha hapo, akaanza kushika kichwa. Nilishinda mbele huko kwa askari mmoja tu, hakuna maajabu.

Lakini malkia e2 hutamuona kila siku. Wengi watasukuma e5 muvu ya tatu, kwa hivyo anza kujifunza hiyo: toa askofu f5 kwanza ndio ucheze e6, ukigeuza unamfungia ndani.