Muulize Fundi: Kamera ya Bodaboda

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha bodaboda hapa Mnazi Mmoja, Lindi, na simu naifunga kwenye usukani. Tangu msimu wa korosho uliopita kamera imeharibika: nikipiga picha stakabadhi ya mzigo, maandishi yanatoka na ukungu, na ndani kuna mlio kama wa mbu. Kijana wa kibandani anasema sumaku imekufa, nitafute kamera ya umeme tuli isiyo na sumaku. Ipo kweli, au ananizungusha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ipo, ila usitegemee kuikuta kwenye kabati lake la vioo.

Kwanza hiyo uliyonayo. Lenzi imeshikwa na springi nyembamba mno, pembeni kuna koili na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, lenzi inasogea. Kwa lenzi ya fokasi ya milimita 4, kutoka kulenga minazi ya mbali hadi karatasi iliyo sentimita 10, safari yake haifiki hata milimita 0.2! Kitu cha kusogea hivyo wewe umekifunga juu ya pikipiki, ukakitikisa msimu mzima. Mwaka 2021 Apple waliwatahadharisha wateja wao kuhusu mtetemo huohuo wa pikipiki.

Umeme tuli unaujua tangu utotoni: unachana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, unakisogeza kwenye vipande vya karatasi, vinarukia. (Hapa Mtwara mchezo huo hugoma, unyevu wa bahari huiba chaji.) Na kifaa chenyewe ni vitana: viwili vya silikoni, meno yamepishana bila kugusana. Ukiweka volti kati yao vinavutana, na lenzi inafuata. Watafiti Tang, Nguyen na Howe wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, walionyesha vitana vya namna hiyo mwaka 1989. Ukiongeza volti mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Nguvu hiyo ni dhaifu, lakini mwanya kati ya meno ni mdogo mno, ukigawa milimita moja mafungu elfu, ni mafungu machache tu, ndiyo maana inatosha.

Ninachokipenda mimi ni matumizi ya chaji. Koili hunywa umeme muda wote inaposhikilia lenzi. Vitana vikishajaa chaji, umeme haupiti tena.

Ila vinataka makumi ya volti, na betri ya simu haifiki 5, kwa hiyo lazima kuwe na saketi ya kupandisha. Vinasogeza lenzi nyepesi tu. Na punje ya vumbi ikiingia kwenye meno, basi. Kwa barabara zako, nisingekushauri uvihangaikie.

Fungua kamera, lenga kidole kwa karibu, kisha mti wa mbali. Picha ikibadilika hata kidogo, koili ingali hai. Isipobadilika na mbu akaendelea kulia, badilisha kamera nzima, usikubali mtu aichokonoe lenzi kwa pini. Simu hamishia mfukoni kabla hujafunga hiyo mpya.