Muulize Fundi wa Mabomba: Mafundi wawili wamepita, kabati bado linalowa

SWALI: Fundi, shikamoo. Kabati la chini ya sinki langu la jikoni linalowa maji. Fundi wa kwanza alibadilisha lile bomba lililopinda. Wa pili akazungushia tepu nyeupe kila kiungio, kisha akapaka silikoni juu yake. Maji bado yanakuja, ingawa si kila siku. Siku nyingine ni pakavu kabisa. Mbao zimeanza kuvimba. Nifanye nini kabla sijamwita wa tatu?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Marahaba, mama. Hayo maneno yako, "si kila siku", yana faida kuliko kazi yote waliyoifanya hao wawili. Wao walitazama palipolowa. Lakini maji hutambaa: yanatoka juu, yanafuata mgongo wa bomba, yanafika penye kona au nati ndipo yanadondoka. Tone unaloliona chini huenda limeanzia karibu na koki. Ndiyo maana mimi kwanza huuliza panalowa lini.

Chini ya sinki kuna maji ya namna mbili. Yanayopanda kwenda kwenye koki yana presha saa 24, koki iwe imefunguliwa au imefungwa. Yanayoshuka hayana presha, na hupita pale tu unapomwaga. Paipu ya kupandisha ingekuwa mbovu, kwa kawaida kabati lingelowa hata mkiwa safarini. Lako linachagua siku. Basi tuanze na maji yanayoshuka.

Toa kila kitu kabatini. Futa mabomba kwa kitambaa kikavu, hata nyuma na chini ya nati, kisha tandika gazeti. Acha sinki bila kutumika kwa saa mbili, halafu gusa kila kiungio kwa karatasi laini ya chooni. Usitumie kidole, kwa sababu bomba la baridi hudanganya kidole, karatasi haidanganyiki. Ikibaki kavu, fungulia maji kidogo yaingie moja kwa moja kwenye tundu, kwa dakika mbili, kisha gusa tena. Hapo unapima viungio vya bomba lililopinda.

Sasa ziba sinki, lijaze nusu, ungoje robo saa. Ingiza mkono hadi chini ya kichujio, pale bakuli la sinki linapokutana na bomba, uguse kwa karatasi. Baadaye zibua maji yashuke yote kwa mkupuo. Kiungio kinachostahimili maji kidogo mara nyingi hushindwa bomba likijaa. Mwisho, mwaga kikombe cha maji juu, kuzunguka kitako cha koki, uchungulie kwa tochi kama yanateremka kwa nyuma. Usiyafanye haya yote kwa pamoja. Kila hatua ikiisha tazama gazeti, na likilowa ulibadilishe kabla ya kuendelea.

Kwa kuwa bomba lililopinda ni jipya, mimi namshuku kichujio. Jiulize: siku za kulowa si ndizo siku unazoziba sinki ukaloweka vyombo? Kama ndiyo, umeshapata jibu. Tenganisha bomba, legeza nati kubwa ya chini huku mtu mwingine ameshikilia kichujio juu kisizunguke. Kitoe, ukwangue silikoni yote ya zamani hadi pabaki pasafi, ukaushe. Weka mpira mpya chini, pitisha mstari wa silikoni chini ya ukingo wa kichujio, kaza, kisha usitumie sinki mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu upite. Silikoni iliyopakwa juu ya ya zamani, au mahali penye unyevu, haishiki.

Na ile tepu, ibandue yote kwenye nati za plastiki. Viungio hivyo havizuii maji kwa uzi, yaani ile michirizi ambayo nati huzungukia. Ndani kuna mpira uliochongoka upande mmoja, na huo mpira ndio unaobana. Ncha nyembamba ielekee ndani ya kiungio bomba linapoingia, upande bapa uelekee nati. Tepu humzuia nati asikae sawa, na mpira ukikaa mshazari utavuja hata ukaze namna gani. Kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo sana kwa spana. Tepu ina kazi yake kwenye uzi wa chuma usio na mpira, na hapo huzungushwa kufuata upande wa kukazia, vinginevyo hubanduka nati inapoingia.

Nilipokuwa najifunza kazi hii, nilibadilisha bomba la nyumba moja mara tatu, na mara zote tatu nililipwa. Maji yalikuwa yanapita kwenye kitako cha koki. Yule mzee hakulalamika, nami hadi leo naona nina deni lake. Ndiyo sababu sifungui nati yoyote kabla ya gazeti.

Jambo moja zaidi: ukishafungua bomba, maji ya ndoo uliyoiweka chini usiyamwage kwenye sinki hilohilo. Mkono umezoea, hata mafundi hufanya hivyo.

SWALI: Koki ya bafuni kwangu inadondosha usiku kucha. Naikaza kwa plaizi inatulia siku mbili, kisha inaanza tena, na sasa imekuwa ngumu kuzungusha. Ninunue mpya?
Mpangaji

JIBU: Weka plaizi chini kwanza, kaka. Ndani ya koki ya kuzungusha kuna washa ya mpira inayokandamizwa juu ya kiti cha shaba. Washa ikichoka, kila unapoikaza unaikata zaidi, na siku mpira ukiisha, chuma kitakwangua kiti chenyewe. Hapo koki nzima huweza kupotea kwa sababu ya kipande cha mpira.

Kama inadondosha mdomoni ikiwa imefungwa, ni washa au kiti. Kama inavuja shingoni, chini ya mshikio, tena pale tu unapoifungua, tatizo ni mpira au nyuzi za shingoni. Wakati mwingine kukaza nati ya shingo kidogo kunatosha. Funga maji kwenye valvu, fungua koki itoe yaliyobaki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie, na piga picha kila kipande unachokitoa. Washa ya zamani nenda nayo dukani. Kabla ya kuweka mpya pitisha kidole kwenye kiti: kikiwa na mikwaruzo, washa mpya italiwa upesi, hivyo kisawazishwe au kibadilishwe. Koki inayofunguka kwa robo mzunguko kwa kawaida haina washa hiyo, ina katriji yenye visahani vya seramiki. Hiyo huharibiwa na mchanga, na mara nyingi hubadilishwa nzima.

Usione tone ni dogo. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Kwa matone 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4.

SWALI: Tumerudi safari ya mwezi mzima, sinki la chumba cha wageni linanuka mtaro. Nimwage dawa?
Msomaji wenu

JIBU: Mwaga maji. Ule mpindo wa bomba hushikilia maji kidogo ili hewa ya mtaro isipande. Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye mpindo wa namna hiyo mwaka 1775, na hadi leo tunautegemea. Mlipoondoka maji hayo yalikauka. Vikombe viwili vitatu vinatosha kuujaza. Harufu ikirudi ilhali sinki linatumika kila siku, niandikie tena uniambie inanuka wakati gani: mnapomwaga maji hapo, au mnapomwaga mahali pengine nyumbani.